Sarafu Tano kwa Sarafu Moja: Mtoto Mdogo na Hesabu ya Fedha

Mtoto wa miaka minne akiwekewa sarafu tano za shilingi 50 upande mmoja, na sarafu moja ya shilingi 500 upande wa pili, kisha akaambiwa achukue upande anaoutaka, atachukua upi? Watoto wengi wa umri huo watazoa zile tano. Tena watazizoa kwa haraka, kabla mtu hajabadili mawazo. Je, wamekosea kuhesabu? Hapana, wamehesabu sawasawa: huku tano, kule moja, na tano ni nyingi kuliko moja. Kinachowapita ni kwamba kwenye fedha, wingi wa vitu na wingi wa thamani ni mambo mawili, na kwamba sarafu moja yaweza kusimama mahali pa sarafu kumi.

Hilo ndilo jambo lenyewe la mazungumzo haya, na litarudiwa tena na tena. Wazazi wengi hudhani mtoto akishajua moja mpaka ishirini, fedha atazijua tu mwenyewe huko mbele. Wengine huzijua kweli, kwa kuwa wametumwa dukani tangu wadogo. Lakini wapo wanaofika darasa la tatu wakiandika hesabu za fedha daftarini na kupata vema, huku wakisimama dukani bila kujua kama chenji waliyopewa imetimia.

Kuhesabu ni ufundi wenye kanuni zake. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, walizieleza kanuni hizo katika kitabu chao cha mwaka 1978. Kila kitu hupewa nambari moja tu, hakirukwi wala hakirudiwi. Nambari hufuatana kwa mpangilio uleule kila mara. Nambari ya mwisho kutajwa ndiyo idadi ya vyote. Haijalishi vinavyohesabiwa ni maembe au mbuzi, wala kuhesabu kumeanzia upande gani. Mtoto wa miaka mitatu au minne huanza kuzishika kanuni hizi kwa kuhesabu vidole vyake, ngazi za nyumba, vijiko vya chai. Ni hatua kubwa, na anastahili pongezi. Sasa msikilizaji aangalie sarafu zinavyokuja kuvuruga mambo. Mtoto aliyekwisha kuamini kwamba kitu kimoja ni moja, anaambiwa kwamba hiki kimoja ni mia, na hiki kingine kimoja, cha duara vilevile na cha bati vilevile, ni mia mbili. Angekuwa mtu mzima angedai maelezo.

Yuko pia Jean Piaget wa Uswisi, aliyechunguza fikra za watoto kwa miongo mingi. Alipanga mbele ya watoto safu mbili za vitu vyenye idadi sawa. Safu zilipolingana, watoto walikubali kwamba idadi ni moja. Alipoitanua safu moja ikawa ndefu, bila kuongeza chochote, watoto wadogo walisema safu ndefu sasa ina vitu vingi zaidi. Waliokaribia miaka sita au saba hawakubabaika tena. Kwa anayefundisha fedha, jaribio hilo linaeleza mengi. Kilichotapakaa mezani, kilicho kizito mkononi, kinachogongana mfukoni, humwonekea mtoto kuwa ni kingi. Ndiyo maana noti ya shilingi 1,000 hubadilishwa kwa furaha na sarafu tatu za shilingi 100, na kaka mkubwa wa nyumba hiyo huwa analijua hilo mapema kuliko wazazi.

Kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu asiharakishwe. Kwa umri wake inatosha kucheza na sarafu chache huku mtu mzima akimwangalia: kuzipanga, kuzitenga zinazofanana, kuzitia kwenye kopo na kuzitoa. Huyo mtu mzima asibanduke, maana mtoto wa umri huo hutia kila kitu kinywani, na sarafu humkaba. Mchezo ukiisha, mikono ioshwe na kopo lipandishwe juu ya kabati.

Sasa, kuzitambua. Tanzania ina sarafu nne zinazotumika siku hizi: ya shilingi 50, ya 100, ya 200 na ya 500. Hiyo ya 500 ndiyo ngeni kuliko zote. Benki Kuu iliitoa mwaka 2014 ichukue nafasi ya noti ya shilingi 500, ambayo ilikuwa ikipita mikono mingi na kuchakaa upesi. Mtoto akipewa sarafu hizi nne, hasomi nambari kwanza. Anaona mnyama. Kwenye 50 kuna faru na mtoto wake, kwenye 100 kuna swala, kwenye 200 kuna simba, kwenye 500 kuna nyati. Mzazi asimkataze kuanzia hapo. Mchezo wa “nipe ya simba, sasa nipe ya swala” ni mwanzo mzuri, na mtoto wa miaka minne huucheza kwa raha.

Ila mnyama ni wa kumfungulia mtoto mlango tu. Nambari ndiyo atakayoishi nayo. Na upande wa pili wa sarafu umejificha mtego ambao watu wazima hawauoni, kwa kuwa wamezoea. Sarafu ya 50 ina sura ya Mwinyi, ya 100 ina sura ya Nyerere. Karume je? Karume yuko kwenye 200, na yuko kwenye 500 pia. Mtoto aliyekariri kwamba “ya Karume ni mia mbili” atatoa mia tano kwa kitu cha mia mbili, na kama muuzaji ana haraka au hana uaminifu, mia tatu imekwenda. Hivyo baada ya mchezo wa wanyama uje mchezo wa nambari: sarafu inafunikwa kwa kiganja, inafunuliwa kidogo, mtoto anasoma. Hamsini. Mia moja. Mia tano.

Watoto wadogo hawako peke yao katika kutegemea picha. Mtafiti Geoffrey Saxe, aliyewachunguza watoto wauza pipi katika jiji la Recife, Brazil, miaka ya 1980, alikuta wauzaji ambao nambari ndefu ziliwapa taabu kuzisoma, lakini noti walizitambua kwa michoro na rangi zake na biashara ikaenda. Picha zinasaidia kweli. Shida huanza picha zinapobadilika. Kenya inaonyesha hivyo. Katiba yao ya mwaka 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kuwekwa kwenye fedha, na sarafu mpya zilizozinduliwa Desemba 2018 zikawa na wanyama: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10, ndovu kwenye 20. Sarafu za zamani zenye sura za marais zimeendelea kutumika, hivyo mtoto hukutana na shilingi kumi za namna mbili zenye nguvu sawa. Na mtoto wa Namanga, mji ulio mpakani, hushika fedha za pande zote mbili: simba wa upande mmoja ni 10, simba wa upande wa pili ni 200. Mtoto huyo hana budi kusoma nambari.

Baada ya kutambua ni kuhesabu, na hapa sarafu za Tanzania zina ugumu wake ambao vitabu vilivyoandikwa kwingine havitauzungumzia. Nchini Kenya bado iko sarafu ya shilingi moja, kwa hiyo mtoto anaweza kuanza na moja, akaenda kwenye tano iliyo sawa na vidole vya mkono, akafika kumi ya mikono miwili. Tanzania, mtoto wa chekechea anahesabu mpaka ishirini, akijitahidi mpaka hamsini, na sarafu ndogo kuliko zote inaanzia palepale pumzi inapomwishia. Afanyeje?

Afundishwe mia kwanza. Mia ichukuliwe kuwa ndiyo moja yake. Mzazi aweke mezani sarafu tano za shilingi 100, na zisichanganywe na nyingine yoyote. Mtoto aguse ya kwanza aseme mia moja, ya pili mia mbili, ya tatu mia tatu, mpaka mia tano. Ni mwendo uleule wa moja, mbili, tatu, na mtoto hauoni mgeni. Hajui bado kwamba mia ni makumi kumi, wala haina haja ajue leo. Hayo atayakuta shuleni. Anachokijua ni kwamba sarafu hizi zinahesabika, na kwamba tano zikitimia ni mia tano. Sarafu ya 50 ikae pembeni kwa sasa. Ni ndogo kwa thamani lakini kwa mtoto ni ngumu kuliko mia, kwa kuwa hesabu yake ni hamsini, mia, mia na hamsini, mia mbili, na mwendo huo unachechemea.

Zoezi hilo likirudiwa siku kadhaa kwa dakika chache chache, inakuja hatua iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni kubadilishana. Tena hapa msikilizaji atege sikio, kwa sababu ndipo wazazi wengi wanapopita mbio. Kumwambia mtoto “hii ya mia mbili ni sawa na mbili za mia” hakutoshi. Ni maneno tu, na atayaitikia kama anavyoitikia mengine. Afanye mwenyewe kwa mikono. Mzazi awe benki. Mtoto alete sarafu mbili za 100, aziweke kwenye kiganja cha benki, apokee moja ya 200. Kisha arudi na ile moja ya 200, adai mbili za 100. Mara ya kwanza na ya pili uso wake utaonyesha wasiwasi, kwa kuwa ametoa viwili akapata kimoja. Baada ya kwenda na kurudi mara nyingi, akiona kwamba kila akirudi anapata vyake, wasiwasi unakwisha. Sasa ameanza kuamini kwamba ile moja imezibeba zile mbili ndani yake.

Mbili za 50 ni 100. Mbili za 100 ni 200. Mtoto mwerevu akifika hapa hukisia kinachofuata: mbili za 200 ni 500! Amekosea, lakini amekosea kwa akili. Ameona mpango na ameufuata, na mpango ndio uliomtupa. Asichekwe. Mzazi achukue mbili za 200, kila moja aibadilishe na mbili za 100, kisha wahesabu pamoja: mia moja, mia mbili, mia tatu, mia nne. Basi. Hakuna ya tano. Mia moja inapelea. Ikiongezwa, ndipo benki inatoa sarafu ya nyati.

Kutoka hapo unazaliwa mchezo ambao familia inaweza kuucheza jioni nzima. Je, mia tano inaweza kupatikana kwa njia ngapi? Mtoto apewe rundo la 50, 100 na 200, na karatasi ya kuandikia. Mbili za 200 na moja ya 100. Tano za 100. Kumi za 50. Moja ya 200, mbili za 100, mbili za 50. Njia zote ni 12, na mtoto wa darasa la pili akiachiwa muda atazifikia karibu zote, hasa akigundua ujanja wa kuanza na zenye 200 mbili, kisha zenye 200 moja, kisha zisizo na 200 kabisa. Hapo hajifunzi fedha peke yake. Anajifunza kupanga kazi isimponyoke.

Rundo lililochanganyika ni mtihani mwingine. Likiwa na moja ya 500, mbili za 200 na moja ya 100, mtu mzima anaona elfu moja hata kabla ya kuzigusa. Mtoto anapaswa kuruka kwa mia tano, kisha abadili mwendo aruke kwa mia mbili mbili, kisha abadili tena. Kubadili mwendo katikati ndiko kunakomwangusha. Atasema mia tano, mia saba, mia nane. Amelegeza hatua mapema. Dawa yake ni kutenga kwanza, kila aina na kundi lake, kisha kuanza na kubwa kushuka, na kusogeza kila sarafu iliyokwisha kuhesabiwa upande wa pili wa meza. Kabla ya kuingia kundi jipya anyamaze kidogo, aseme nambari aliyofikia, ndipo aendelee: mia tano... mia saba, mia tisa... elfu moja. Huko kunyamaza kunaonekana jambo dogo, lakini bila hiyo nafasi mtoto huendelea na mwendo wa zamani.

Mpaka hapa fedha imehesabiwa mezani. Thamani yenyewe je, inafundishwa wapi? Inafundishwa dukani kwa Mangi, kama wengi wanavyomwita mwenye duka la mtaani, gengeni, kwa mama muuza maandazi. Sarafu haina maana mpaka itoe kitu. Na dukani nako kuna ngazi. Mara ya kwanza mtoto apewe hela kamili: andazi ni mia mbili, hii hapa mia mbili. Baadaye apewe sarafu kadhaa achague mwenyewe zinazotosha. Kisha, akiwa tayari, apewe inayozidi, arudi na chenji. Mzazi anayempa mtoto hela kamili kila siku kwa kuogopa zisipotee anamnyima sehemu nzuri ya somo.

Chenji inahitaji maelezo. Shuleni mtoto hufundishwa kutoa: mia tano toa mia tatu, zinabaki mia mbili. Muuzaji mzoefu hatoi, anajazia. Kitu ni mia tatu, amepewa mia tano. Anakisogeza kitu mbele akisema “mia tatu,” anaweka sarafu ya mia juu ya meza, “mia nne,” anaweka nyingine, “mia tano.” Amemaliza, na mteja ameona kwa macho yake hesabu inavyotimia. Njia hii ni nyepesi kwa mtoto kuliko kutoa, kwa sababu ni kuhesabu kwenda mbele tu, na kwenda mbele anakujua. Kwa hiyo kabla mtoto hajatoka nyumbani aulizwe: kiberiti ni mia moja, unakwenda na mia mbili, utarudi na nini? Ajazie mwenyewe. Akirudi, ahesabu mbele ya aliyemtuma, bila kugombezwa hata kama imepungua. Mtoto anayegombezwa kwa chenji pungufu hujifunza kuificha hesabu.

Nguvu ya duka katika kufundisha hesabu imechunguzwa. Mwaka 1985, Terezinha Nunes Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha uchunguzi wao kuhusu watoto wauzaji wa mitaani, huko huko Recife. Waliwaendea kama wateja wakauliza bei. Kijana mmoja aliyeuza nazi kwa 35 kila moja aliulizwa bei ya nazi kumi. Hakuongeza sifuri kama shule inavyofundisha. Alianza na nazi tatu, 105, akaongeza tatu nyingine, 210, tatu tena, 315, na moja ya mwisho, 350. Jibu sahihi. Watoto wale wakiuza walipata karibu maswali yote. Walipopewa hesabu zilezile kwenye karatasi, zikiwa nambari tupu, walikosa nyingi. Haina maana kwamba shule haifai. Maana yake ni kwamba hesabu ya mtaani na ya daftarini zisipokutanishwa, mtoto anaweza kuishi nazo kama vitu viwili visivyojuana. Mwalimu wa darasa la kwanza anayegeuza kona ya darasa kuwa duka, na visoda, maganda ya sabuni na maboksi ya dawa ya meno kuwa bidhaa, amezikutanisha.

Dukani kuna mambo mawili mengine ya kumtayarisha mtoto. La kwanza ni lugha. Mtoto ameambiwa mia tano, anafika kwa Mangi anaambiwa “leta jero.” Amejifunza elfu moja, mteja aliye mbele yake anasema buku, au buku jero kwa elfu moja na mia tano. Ayajue majina hayo mapema, asije akasimama ameduwaa. La pili ni pipi. Maduka mengi yakikosa sarafu ya 50 humpa mtoto pipi badala ya chenji, na mtoto hurudi nyumbani akiruka kwa furaha. Mzazi asikasirike, lakini asinyamaze pia. Aulize: pipi hii ungetaka kuinunua? Kama jibu ni ndiyo, vizuri. Kama ni hapana, basi ameuziwa kitu ambacho hakukiomba, na ana haki ya kusema kwa adabu kwamba atafuata chenji kesho. Kusema hivyo mbele ya mtu mzima ni kazi ngumu kwa mtoto wa miaka saba. Mara mbili tatu za kwanza mzazi aende naye.

Tena kuna swali la bei zenyewe. Watoto wadogo huamini kwamba kitu kikubwa ndicho ghali. Fungu la mchicha ni kubwa, kidonge cha dawa ni kidogo, basi mchicha una bei zaidi. Safari ya sokoni inatosha kuliondoa wazo hilo, mradi mtoto apewe nafasi ya kukisia kabla ya kusikia bei. Kidonge kile kinaponunuliwa kwa bei ya mafungu kadhaa ya mchicha, anapata jambo la kuuliza njia nzima. Hata sarafu zenyewe ziko hivyo kwingine. Za Tanzania zina huruma, ile ya thamani kubwa ndiyo kubwa kwa umbo. Lakini mtoto wa Kitanzania anayekulia Marekani hukutana na senti 10 iliyo ndogo kuliko senti 5, na analazimika kuanza upya.

Kibubu nacho kina nafasi yake, ingawa kwa mtoto mdogo sana kibubu ni shimo linalomeza hela. Chupa inayoonyesha ndani ni bora mpaka afike miaka sita hivi, kwa kuwa anaona rundo likipanda. Siku ya kufungua ndiyo siku ya hesabu. Sarafu zinamwagwa kwenye mkeka, zinatengwa, kisha za mia zinapangwa mnara wa tano tano. Mnara mmoja ni mia tano, miwili ni elfu moja. Nyumba nzima hukaa chini. Mdogo anatenga kwa wanyama, mkubwa anahesabu minara, mama anaandika. Lengo la akiba liwe karibu na liwe la mtoto mwenyewe: mpira, rangi za kuchorea, viatu vya plastiki. Kumwambia mtoto wa miaka sita aweke akiba ya sekondari ni kumwambia asiweke.

Mtoto akishazoea thamani, anaweza kuambiwa kwamba thamani haikai mahali pamoja. Nyumba nyingi zina kopo au droo yenye sarafu za zamani, na hizo ni kitabu kizuri. Sarafu za kwanza za Tanzania, za mwaka 1966, zilikuwa za senti 5, 20 na 50, pamoja na shilingi moja. Ya senti 20 ilikuwa na mbuni, ya senti 50 ilikuwa na sungura, na ya shilingi ilikuwa na mwenge. Kabla ya hapo, enzi za ukoloni, senti 5 na 10 za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati, na watu waliweza kuzitunga kwenye kamba. Bibi akiulizwa sumni, yaani hiyo senti 50 ya sungura, ilinunua nini alipokuwa msichana, atakuwa na orodha. Leo mtoto akiipeleka kwa Mangi harudi na kitu. Chuma ni kilekile, sungura ni yuleyule. Mtoto wa miaka minane anaweza kulitafakari hilo bila kufundishwa neno mfumuko wa bei.

Linabaki la simu. Watoto wa sasa huona fedha ikitumwa na kupokelewa bila sarafu kuonekana. Umeme unanunuliwa kwa simu, ada inalipwa kwa simu, na mtoto akinyimwa kitu kwa sababu hela hakuna, anashangaa: si simu hiyo hapo? Kwa anayeijua sarafu vizuri, maelezo si magumu. Mzazi aende naye kwa wakala. Kabla ya kutoa fedha, mtoto asomewe salio. Wakala akitoa noti, mtoto azihesabu. Kisha asomewe salio jipya, aone kwamba kilichoingia mkononi kimetoka kule. Akiwa mwangalifu atagundua kwamba salio limepungua zaidi ya noti zilizotolewa, na atauliza hiyo nyingine imekwenda wapi. Aambiwe ukweli: kampuni ya simu na wakala wametoza kazi yao, kama anavyolipwa fundi viatu. Akitaka kujua ni kiasi gani, ajazie kuanzia salio jipya na noti zake mpaka afike salio la zamani, vilevile kama muuzaji anavyojazia chenji.